Uonevu wa Mtandaoni na Wanafunzi Wanaouzima

Leo tunazungumza na wazazi, walimu, na zaidi ya wote wanafunzi wa shule za upili wa kaunti za Kisii na Nyamira, iwe unatusikia ukiwa Ogembo, Keroka, Suneka, Nyansiongo, au umesimama katikati ya majani chai na redio ndogo mfukoni. Mada yetu ni uonevu wa mtandaoni, na hasa jinsi wanafunzi wenyewe wanavyoweza kuupunguza. Pengine unajiuliza mambo ya simu yameingiaje katika kipindi cha afya. Yameingia kwa njia ya usingizi unaopotea, tumbo linalouma bila ugonjwa kuonekana, mtoto anayekataa shule, na mara nyingine kwa njia ya kifo.

Kwanza tuelewane. Uonevu wa mtandaoni ni kumwumiza mtu kwa makusudi, tena na tena, kwa kutumia simu au kompyuta. Ni kumtukana mwenzako katika kikundi cha WhatsApp mbele ya wengine. Ni kumbandika jina la dhihaka mpaka hata watoto wa shule ya msingi wanalijua. Ni kufungua akaunti ya uongo kwa jina lake na kuandika upuzi ndani yake, kumtishia usiku, au kusambaza picha yake ya faragha. Siku hizi zipo hata programu zinazoweza kumtengenezea msichana picha ya uchi ambayo hakuipiga kamwe, na aibu yake ni ileile.

Utani wa mara moja kati ya marafiki wanaotaniana si uonevu. Lakini hapa simu imetuletea jambo geni. Zamani mtu akikutukana njiani, tusi liliishia pale pale mliposimama. Picha ikisambazwa, aliyeituma ametenda mara moja tu, lakini kwa mwenye picha jambo lile linarudiwa kila mtu mwingine anapoifungua. Linaweza kurudiwa mara 200 kwa usiku mmoja, na yeye amelala chumbani kwao akihesabu.

Sikilizeni mfano. Tumeutunga na haumhusu mtu yeyote, lakini mwanafunzi anayetusikia ataona kwamba hauko mbali naye. Msichana wa shule ya upili yuko nyumbani likizo ya Aprili. Alikuwa amemtumia mvulana picha yake akiwa nusu uchi, kwa sababu alimwamini. Wamekosana. Ijumaa jioni mvulana anaituma kwa rafiki zake wawili, wawili tu. Mmoja wao anaitia katika kikundi cha darasa chenye watu 60. Kufikia saa nne usiku imevuka na kuingia katika kikundi cha shule jirani. Jumamosi asubuhi msichana anaingia kanisani akiwa na mama yake, na vijana watano kwenye benchi la nyuma wanainamisha vichwa wakicheka. Mama haoni kitu. Mchungaji haoni kitu. Walimu wako likizoni. Vijana wote wa kijiji wanajua, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayejua.

Sasa tuhesabu. Mvulana yule aliituma kwa watu wawili. Waliobaki wote waliipata kutoka kwa nani? Kutoka kwa wanafunzi wenzao ambao hawakuwa na ugomvi wowote na msichana huyu. Wengine hata walimhurumia huku wakiisambaza. Picha haina miguu, hubebwa. Sisi wa huku Gusii hatuhitaji kufundishwa na wageni kwamba neno likibebwa na wengi linaweza kuua. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Uvumi ulikuwa na nguvu kabla ya simu kuja, na simu imeuongezea mbio.

Ndiyo maana tunasema kazi hii wanafunzi wanaiweza kuliko sisi watu wazima. Si kwa sababu sisi hatujali. Ni kwa sababu hatupo pale jambo linapotokea. Shule zetu haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na hasa zile za bweni hupekua masanduku siku ya kufungua. Kwa hiyo uonevu mwingi hutokea likizoni, au jioni kwa wale wa shule za kutwa, kwa simu ya mama, ya kaka, au ya binamu aliyekuja kutoka Nairobi. Kisha shule zinapofunguliwa, mambo yote yaliyotendeka mtandaoni yanaingia bwenini bila simu. Mwalimu anaona wasichana wawili wamepigana kwenye foleni ya chakula, na hajui vita vilianza wiki tatu zilizopita.

Liko jambo lingine ambalo wataalamu wa kutoka mbali huwa hawaliulizi. Mila yetu ina chinsoni, yaani ile heshima na haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto. Mambo ya mwili hayatajwi kati ya baba na binti, na kwa mama pia ni kwa shida. Kwa bibi na babu mlango uko wazi, maana nao hutaniana na wajukuu kwa uhuru. Na kwa rika uko wazi kabisa. Hatusemi chinsoni ni mbaya. Imelinda nyumba nyingi. Lakini msichana ambaye picha yake ya uchi inazunguka hataanza na baba yake. Atakufa na aibu yake kwanza. Atakayemwambia, akimwambia mtu, ni rafiki anayelala naye kitanda cha juu na cha chini.

Na hili halitokani na mila yetu pekee. Utafiti uliofanywa hapa Kenya na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ukachapishwa mwaka 2021, uliwauliza watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti kuhusu udhalilishaji wa kingono mtandaoni. Waliodhuriwa, wengi walinyamaza au walimweleza mtu wanayemjua, hasa rafiki. Waliokwenda polisi au kupiga simu ya msaada walikuwa wachache sana. Basi kama rafiki ndiye daktari wa kwanza, tumfundishe rafiki huduma ya kwanza.

Kabla ya hapo tueleze madhara, kwa sababu wako wazazi wanaosema, "Si maneno tu? Zima simu ulale." Mwaka 2019 UNICEF iliwauliza vijana zaidi ya 170,000 wa nchi 30. Mmoja kati ya watatu alisema amewahi kuonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walikusanya matokeo ya tafiti nyingi, zenye vijana zaidi ya 150,000 walio chini ya miaka 25. Walioonewa mtandaoni walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya kujidhuru au kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasioonewa. Hata waonevu wenyewe walikuwa na hatari kubwa kuliko vijana wengine. Tutarudi kwa hao.

Mwili husema kabla ya mdomo. Mtoto halali, au analala mchana kutwa. Anaumwa na kichwa na tumbo kila Jumapili jioni kabla ya shule. Simu ikilia anashtuka, anaigeuza kifudifudi. Chakula alichokipenda kinabaki. Alama zinaanguka ghafla. Aliyekuwa akiimba kwaya hataki tena kusimama mbele ya watu. Wavulana nao, tusiwasahau: wengi hawalii, bali wanakuwa wakali, wanapigana, au wanaanza kunywa. Mvulana anayechekwa kwa sababu ya sauti yake au umaskini wa kwao anaumia sawasawa na msichana, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Sasa tuje kwenye dawa. Shule nyingi zikisikia kuna shida hii, humwalika mgeni kuhutubia gwaride. Anasema kwa saa moja, wanafunzi wanapiga makofi, na jioni mambo ni yaleyale. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichunguza programu za kupinga uonevu na kukuta kwamba zinawasaidia kiasi watoto wadogo, lakini kuanzia umri wa miaka 13 au 14 faida hiyo hutoweka. Kijana wa umri huo hapendi kuambiwa na mtu mzima jinsi ya kuishi na wenzake. Anawatazama wenzake. Wakicheka, anacheka. Wakinyamaza, ananyamaza.

Jaribio moja lilipima jambo hili vizuri. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, mwaka wa masomo wa 2012 na 2013, watafiti wakiongozwa na Elizabeth Levy Paluck walichukua shule 56 zenye wanafunzi zaidi ya 24,000. Waliwauliza wanafunzi wote swali jepesi: unapenda kukaa na nani? Majibu yakaonyesha ni nani wanaotazamwa na wengi. Kisha katika nusu ya shule hizo, kikundi kidogo cha wanafunzi, kati ya 20 na 32, kilialikwa kukutana na mlezi kila baada ya wiki mbili hivi. Hawakupewa hotuba ya kukariri. Waliulizwa ni migogoro gani inayowasumbua shuleni kwao, nao wakabuni njia zao wenyewe: mabango yenye picha zao, maneno yao ya kuhimiza, na ukanda wa rangi ya chungwa aliovishwa mkononi mwanafunzi aliyeonekana akizuia ugomvi au akimtendea mwenzake wema.

Baada ya mwaka mmoja, kesi za migogoro zilizofika kwa walimu katika shule hizo zilikuwa pungufu kwa asilimia 25 kuliko katika shule ambazo hazikuwa na vikundi. Na pale ambapo kikundi kilikuwa na wengi wa wale wanaotazamwa na wenzao, mafanikio yalikuwa makubwa zaidi. Hapo pana siri. Wanaotazamwa si lazima wawe viranja, wala si lazima wawe wa kwanza darasani. Mmoja anaweza kuwa yule mchezaji wa mpira anayechelewa kila asubuhi, au msichana mcheshi ambaye naibu wa mwalimu mkuu amemchoka. Mwalimu akiteua peke yake atachukua watiifu, na watiifu, tuseme ukweli, mara nyingi ndio wasiosikilizwa bwenini.

Italia nako kuna funzo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florence walianza mwaka 2008 programu iitwayo NoTrap!, ambamo wanafunzi wa shule za upili hufundishwa kuwa waelimishaji wa wenzao kuhusu uonevu wa ana kwa ana na wa mtandaoni. Awamu ya kwanza haikwenda kama walivyotarajia: waliobadilika zaidi walikuwa waelimishaji wenyewe, hasa wavulana, na wengine wakabaki karibu walivyokuwa. Hawakuificha. Waliipanga upya, wakatilia mkazo zaidi wale wanaotazama pembeni na kazi ya ana kwa ana darasani, na katika awamu zilizofuata uonevu ukapungua hata kwa wanafunzi wa kawaida. Kwa hiyo klabu ikianza Kisii na baada ya muhula mmoja wanaonekana kubadilika wanaklabu peke yao, isivunjwe. Itoke chumba cha mikutano iende mabwenini.

Na kuna mfano unaofanana na sisi zaidi. Katika wilaya ya Narail, Bangladesh, mahali pa mashamba kama hapa, kijana Sadat Rahman alisikia kwamba msichana wa miaka 15 amejiua baada ya kuonewa mtandaoni. Yeye na wenzake wakaanzisha kikundi na programu ya simu iitwayo Cyber Teens. Mtoto anayeonewa anaandika kwa siri kwa vijana wenzake, nao wanaipeleka habari kwa polisi au kwa mshauri. Zaidi ya vijana 300 walisaidiwa, na watu wanane wakakamatwa. Novemba 2020, akiwa na miaka 17, Rahman alipewa Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya Watoto. Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa: vijana walikuwa mlango, na watu wazima walikuwa chumba cha ndani.

Hapa kwetu mlango huo hauhitaji kujengwa upya. Shule nyingi za upili zina mwalimu wa ushauri nasaha, na nyingine zina washauri wanarika, wengi wao wakizungumza juu ya UKIMWI, mimba za mapema na dawa za kulevya. Tangu mwaka 2009, lilipoanzishwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Upili Kenya, wanafunzi wamekuwa pia wakichagua viongozi wao badala ya kuteuliwa. Kinachokosekana ni kuliingiza jambo hili la simu katika kazi hiyo. Kila mwanafunzi aandike kwa siri majina ya watu watatu anaoweza kuwaambia siri yake. Majina yatakayojirudia kutoka kila darasa na kila bweni, hao ndio kikundi. Mwalimu asikate jina ila kwa sababu nzito.

Je, kikundi kitafanya nini? Kazi ya kwanza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: picha ikikufikia, ikome kwako. Usiitume kwa mtu, hata kwa yule unayemwambia "ona walivyomfanyia." Usiweke kicheko chini yake. WhatsApp yenyewe iligundua faida ya kupunguza wabebaji. Mwaka 2020, ilipozuia ujumbe uliokwisha kusambazwa sana usitumwe zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja, ilisema usambazaji wa ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Kama kizuizi kidogo cha mashine kinafanya hivyo, basi wanafunzi 20 wanaoheshimiwa wakikataa kubeba, njia imekatika.

Kazi ya pili ni kusema neno. Watafiti wa Kanada waliopiga filamu watoto uwanjani, wakachapisha matokeo yao mwaka 2001, waliona kwamba wenzao waliingilia kati katika asilimia 19 tu ya matukio ya uonevu. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Huo ulikuwa uonevu wa ana kwa ana, lakini hata kikundi cha simu kina umati wake. Si lazima hotuba. "Hii itoe." Maneno mawili, yakitoka kwa mtu anayeheshimiwa, yanatosha kuwaamsha wengine waliokuwa wakiogopa kusema. Aliyeituma anaweza kuifuta kwa wote ndani ya siku mbili na nusu hivi, na msimamizi wa kikundi pia anaweza kuifuta, kwa hiyo mfikieni msimamizi mapema.

Ya tatu, na hii ndiyo wengi huisahau, ni kumfuata aliyeumizwa. Mtumie ujumbe wa peke yake: "Nimeona. Sicheki. Niko nawe." Mkipatana, nenda kwao, kaeni chini ya mgomba mmenye mahindi, ongeeni habari nyingine kabisa. Aliyeaibishwa huamini kwamba dunia yote imemcheka. Mtu mmoja akija, hesabu hiyo inavunjika. Usimuulize kwa nini alipiga picha ile. Ataulizwa na wengi.

Halafu kuna ushahidi. Ikiwa ni matusi au vitisho, piga picha ya skrini inayoonyesha nambari, tarehe na saa, uihifadhi. Lakini ikiwa ni picha ya uchi ya mtu aliye chini ya miaka 18, usiinakili wala kuihifadhi, hata kwa nia njema, maana kuwa nayo ni hatari kisheria. Andika kwenye karatasi jina la kikundi, nambari iliyotuma na saa, uipeleke kwa mtu mzima. Tangu mwaka 2023 ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, ambayo humwezesha aliyepigwa picha akiwa chini ya miaka 18 kuzuia isisambae katika mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok bila kuituma picha yenyewe kwa mtu yeyote. Haifiki ndani ya vikundi vya WhatsApp, na huko tunarudi kwa wabebaji.

Walimu, hapa tuna neno kwenu. Kikundi hiki kikigeuzwa kuwa wapelelezi wa ofisi ya naibu, kitakufa siku hiyohiyo. Wanafunzi wana majina makali kwa anayechongea, na hakuna atakayewaambia kitu tena. Mwalimu mlezi na wanakikundi wapatane mwanzoni, mbele ya wanafunzi wote: siri zitatunzwa, isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini, au mtu mzima anahusika, au kuna madai ya pesa ili picha isitolewe. Mambo hayo matatu hayabaki kwa mwanafunzi hata saa moja. Tuseme wazi: mwanafunzi si polisi na si daktari. Tusimtwike mtoto wa miaka 16 mzigo wa kumzuia mwenzake asife.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri hapa. Mwenzako akisema "nimechoka kuishi," au "hivi karibuni hamtanisumbukia," au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, usimwache peke yake na usiahidi kutunza siri. Muulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Wako wanaodhani swali hilo humpa mtu wazo. Shirika la Afya Duniani linasema sivyo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna aliyeona. Kisha mwite mtu mzima unayemwamini, awe mwalimu, shangazi au bibi, na mfike kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali za rufaa za Kisii na Nyamira. Wazazi, nyumba zetu ni nyumba za wakulima. Dawa za kunyunyizia mimea na za kuogeshea ng'ombe zifungiwe kwa kufuli, na ufunguo asiwe nao kijana.

Kuna familia zilizokuwa zikiogopa kumpeleka hospitali mtu aliyejaribu kujiua, kwa hofu ya polisi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ilihesabu jambo hilo kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba. Mpelekeni hospitali.

Kuhusu anayeonea, sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 iliweka adhabu ya hadi miaka 10 gerezani au faini ya hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili, kwa unyanyasaji wa mtandaoni, na hadi miaka miwili au shilingi 200,000 kwa kusambaza picha za siri za mtu. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2025, na baadhi ya vifungu vyake vikapingwa mahakamani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inataja uonevu wa mtandaoni dhidi ya mtoto kuwa kosa. Mwanafunzi anapaswa kujua hayo. Hata hivyo, kutisha kwa jela peke yake hakujaponya shule yoyote tunayoijua.

Mwonevu naye ni mwanafunzi wa shule hiyohiyo, na tulisema hatari iko kwake pia. Wengi wao walionewa kabla ya kuonea. Kumsimamisha mbele ya gwaride aombe radhi huku shule nzima ikizomea ni uonevu mwingine, umepewa ruhusa tu. Afadhali aitwe faraghani na wawili wa rika lake anaowaheshimu, aambiwe alichosababisha, afute, awapigie aliowatumia wafute, na aulizwe nyumbani kwao kukoje. Adhabu ya shule ifuate baadaye ikihitajika. Na aliyeumizwa asilazimishwe kukutana naye ila akitaka mwenyewe.

Wazazi, mtoto akija kwako, au bibi yake akikuletea habari, usianze kwa kumnyang'anya simu. Watoto wengi hunyamaza kwa hofu hiyo tu. Baba ambaye chinsoni inamzuia kuuliza anaweza kumtuma shangazi, na hilo si kushindwa.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Klabu nyingi hukutana mwanzoni mwa muhula, wakati simu zimekwisha kurudi nyumbani. Wakati unaofaa zaidi ni wiki ya mwisho kabla ya kufunga, kwa sababu siku chache baadaye kila mmoja atakuwa na simu mkononi. Hapo ndipo kikundi kikubaliane nani ni msimamizi wa kikundi gani cha WhatsApp, nani yuko karibu na nani kijijini, na ni mwalimu gani amekubali kupigiwa simu hata likizoni. Na kila mwanafunzi aandike nyuma ya daftari lake nambari 116. Ni ya Childline Kenya, haitozwi pesa, inapokelewa usiku na mchana, na anayepiga halazimiki kutaja jina lake.